Herufi ya Tano Chini ya Mbwa Mwitu

Mbulu, jioni, wewe ukiwa bado Endagikot

Paskalina mwanangu,

Herufi zimesomeka. Naanza na hilo kwa sababu habari kubwa huwekwa juu, na kwa sababu tangu mchana nimejizuia kukupigia simu. Umekwenda kumuaga bibi yako kabla ya safari ya chuo. Ningekupigia ungeacha chai mezani na kuja mbio, halafu bibi angenisema mpaka Krismasi. Basi nimekaa barazani na kalamu. Barua hii nitaiweka kwenye begi lako la mkononi, maana nataka uisome kesho ndani ya gari kabla hamjafika Balangdalalu.

Mambo ya chandarua, ndoo, na kutopokea chakula cha mtu usiyemjua kwenye basi, baba yako ameshakueleza na ataendelea kukueleza njia nzima hadi Katesh. Sitayarudia. Mimi nakuandikia habari za mbwa mwitu.

Nilifuata maelekezo yako yote. Sarafu yetu ya mbwa mwitu ilikaa kwenye kikombe cha maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi, na kila yalipobadilika rangi niliyamwaga nikatia mengine. Mara ya kwanza nilimtuma baba yako akayanunue, akarudi na asidi. Muuzaji alimuuliza anatia kwenye gari gani, akajibu kwamba anatia kwenye pesa ya mkewe. Kama nisingesoma maandishi ya chupa, leo tungekuwa na mchuzi wa mbwa mwitu. Alirudi dukani akinung'unika kwamba mifugo aliyoitibu maisha yake yote haikuwahi kumsumbua kama mnyama mmoja wa shaba.

Leo baada ya chakula niliitoa, nikaikausha, nikaanza na ule mwiba wa mgunga uliouchonga. Nagusa, naacha. Nagusa, naacha. Kama mtu anayemtoa mtoto funza mguuni. Pale chini ya miguu ya mnyama, ambapo miaka yote tumeona udongo mgumu tu, kikatoka kipande kidogo kama punje ya ulezi. Nikaweka simu kwenye kamera, nikawasha tochi ya simu ya baba yako na kuilaza pembeni ili kivuli kiingie kwenye mikwaruzo, kama ulivyonifundisha. Nikaona S. Nikaona M.

Mwanangu, katika kazi ya gazeti nimesimama pembeni ya madaraja yaliyobomoka nikaandika kwa utulivu. Leo nilipiga kelele. Kuku walitawanyika. Baba yako akatoka ndani na fimbo akiuliza nyoka yuko wapi.

"Si nyoka," nikamwambia. "Ni Aleksandria."

"Huyo naye ni nani?"

Sikumjibu kwanza. Nilimkalisha mbele ya simu asome mwenyewe bila kujua mimi nimesoma nini. Ndivyo unavyohakikisha jambo: watu wawili, kila mmoja kwa macho yake. Akavua miwani, akaivaa, akasoma herufi moja moja kama anayesoma namba ya hereni ya ng'ombe: S, M, A, L. Tumesoma sawa.

Unajua maana yake, lakini acha niiandike, maana nina hamu ya kuiona kwenye karatasi. Herufi za chini ya picha hutaja kiwanda sarafu ilipogongwa. S na M ni kiwanda kitakatifu cha fedha. A na L ni Aleksandria. Aleksandria iko Misri, Paskalina. Mbwa mwitu wetu hakuzaliwa Roma. Hakuzaliwa hata Ulaya. Amegongwa Afrika, miaka elfu moja na mia sita na zaidi iliyopita, na fundi aliyekunywa maji ya mto Naili.

Na mimi nimekwambia tangu ukiwa mdogo kwamba ametoka Roma. Nimeandika "Roma" kwenye kibahasha chake. Upande wa kwanza una mwanamke mwenye kofia ya vita, na pembeni yake imeandikwa kwa Kilatini "Mji wa Roma", nikaridhika. Nilisoma kichwa cha habari nikaacha habari. Kijana wa chumba cha habari akinifanyia hivyo ningemrudisha barabarani akaulize upya.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo, kwa sababu kuna sehemu ya kisa hiki unayoijua nusu tu. Ulikuwa mdogo, na mtoto hukumbuka yaliyo karibu na kimo chake.

Sarafu ya kwanza nilipewa na Padre Silvano, yule Mwitaliano mzee aliyechimba visima Bashay kabla hujazaliwa. Nilikwenda kuandika habari za kisima kimoja kilichotoa matope badala ya maji. Alinijibu maswali yote bila kukwepa, jambo ambalo mwandishi hukutana nalo mara chache, na tulipomaliza alinionyesha chupa ya jemu iliyojaa vipande vya shaba vya kijani. Vilikuwa vya baba yake, mkulima wa mizabibu. Akaniambia nichague kimoja. Nilichagua chenye sura ya kaizari iliyokaa vizuri, pua kama ya tai, macho yametazama juu. Nilikishika njia nzima ya kurudi mkono ukiwa mfukoni. Nilikuwa nimeshika kitu ambacho mtu fulani alinunulia mkate, na huyo mtu amekuwa vumbi, na mkate umekuwa vumbi, na sura ile bado inatazama juu.

Nilipofika nyumbani nikafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kwetu angefanya. Unajua bibi yako anavyohukumu nyumba: anaangalia sufuria. Kwetu kitu kisichong'aa ni uvivu wa mwenye nacho. Nikachukua majivu na ndimu, nikasugua. Ukijani ukatoka. Nikasugua tena mpaka sarafu ikawaka kama bangili ya bibi harusi. Wiki iliyofuata nikampelekea padre kwa majivuno.

Aliigeuza mara mbili. Pua ya kaizari ilikuwa imekwisha, macho yamekwisha, herufi zimebaki kama kovu. Hakunifokea. Kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika alisema, "Mama, umemwosha mpaka ameondoka."

Ule ukijani niliouita uchafu ulikuwa ngozi yake. Shaba ikikaa ardhini muda mrefu huota ngozi, na ngozi ndiyo inayoshika sura. Ninayo bado sarafu ile, unaijua, ile tunayoiita Kipara. Umeicheka mara nyingi. Nimeiweka makusudi mbele ya zote, na kila ninapokwenda kumhoji mtu ambaye kila mmoja amenieleza kwamba ni mchafu, huwa naikumbuka kabla sijafungua mdomo. Wakati mwingine uchafu ni uchafu kweli. Lakini naangalia kwanza.

Padre akanipa ya pili. Safari hii alichagua yeye. Mbwa mwitu jike amesimama, chini yake watoto wawili wa binadamu wananyonya, juu yake nyota mbili. Ndogo kuliko sarafu yetu ya shilingi hamsini. Akanisimulia kile Warumi walichosimulia watoto wao: mapacha walitupwa wafe, mnyama akawakuta, akawanyonyesha, na mmoja wao alipokua akajenga mji. Nikamuuliza baba yake aliipata wapi hasa, shamba lipi, upande gani wa kilima. Hakujua. Baba yake hakuuliza. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba sarafu iliyopoteza mahali pake ni kama shahidi aliyepoteza kumbukumbu: anakutazama tu. Huko chuoni mtakapoanza kuchimba vitu vya kale, najua walimu wako watakuambia hili kwa maneno makubwa zaidi. Mimi nakuambia kwa neno moja, "wapi," na uliulize kabla ya kuuliza kitu kina thamani gani.

Basi, Balangdalalu.

Baba yako alikuwa amehamishiwa huko ofisi ya mifugo, wewe uko darasa la tatu. Nilikuwa nimekusimulia habari za mapacha, ukaona haitoshi kuwasimulia wenzako kwa mdomo. Ukaichukua sarafu, ukaificha ndani ya soksi, ukaipeleka shule. Mchana uliwaonyesha wasichana wawili. Jioni kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba kwa mwandishi kuna pesa ya fisi, maana mbwa mwitu hakuna aliyemjua.

Mgeni angecheka. Sisi hatukucheka. Hakuna mtoto wa Hanang wala wa Mbulu asiyejua kwamba mchawi humpanda fisi usiku, humkamua, na watoto wa mchawi hunywa maziwa hayo. Na hapa sasa kuna pesa, nzito, ya kijani, ya zamani isiyojulikana, na juu yake fisi ananyonyesha watoto wa mtu. Zaidi ya hapo, wiki ile ile fisi aliruka boma la jirani akaondoka na ndama.

Asubuhi iliyofuata maziwa hayakuja. Yalikuwa yanatoka kwa Mama Gidashang, yule bibi wa Kidatoga mwenye sketi ya ngozi na bangili za shaba hadi kwenye viwiko, aliyekuwa anatuletea kila siku kibuyu akikifunika kwa jani. Siku ya pili hayakuja. Siku ya tatu ulirudi shule ukaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba sasa una dawati zima peke yako.

Nimeandika habari za watu walioitwa wachawi. Najua huanza na maziwa kukatika, na najua zinaishia wapi. Sikukuambia wakati ule. Nakuambia leo ili uelewe nilikuwa naogopa nini mwenyekiti wa kitongoji alipotuita mimi na baba yako kikaoni.

Ulikuja nasi kwa sababu hapakuwa na mtu wa kukuachia. Walikaa kwenye kivuli cha ofisi, wazee mbele, vijana wa kuchunga wamesimama na fimbo zao nyuma, Mama Gidashang kwenye kigoda pembeni. Sarafu ikawekwa juu ya kiti katikati. Mwenyekiti alikuwa mtu wa adabu. Alinipa shikamoo kwa heshima ya kazi yangu ingawa tulilingana umri, kisha akaanza.

"Mama mwandishi, huyu ni mnyama gani?"

"Ni mbwa mwitu jike wa Ulaya."

"Umewahi kumwona?"

"Hapana."

"Hawa chini yake ni watoto wa mtu?"

"Ndiyo."

"Wanafanya nini?"

"Wananyonya."

Akawageukia wazee. "Basi habari ni ya kweli."

Ndivyo nilivyojipalia makaa, jibu sahihi baada ya jibu sahihi. Nikajaribu kujitoa kwa kueleza zaidi. Nikaeleza Roma. Nikaeleza makaizari. Nikataja karne. Kila nilipoongeza neno, nyuso zilizidi kufunga. Mzee mmoja akauliza kama hao watu wa Roma walioheshimu mnyama huyu bado wapo. Nikasema ufalme wao ulianguka. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokitaka. Baba yako alinikanyaga mguu nikaendelea tu.

Wewe ulikuwa umekaa chini, miguu umeinyoosha, unachorachora vumbini. Ukainuka. Nilidhani unakwenda kujisaidia. Ukapita katikati ya wazee, ukachukua sarafu kwenye kiti bila kuomba, ukaenda moja kwa moja kwa Mama Gidashang.

"Shikamoo bibi."

Akakutazama. Ukasubiri. Mtu mzima hawezi kuiacha shikamoo ya mtoto ikining'inia mbele ya watu, na nadhani ulilijua hilo.

"Marahaba," akasema.

"Mwangalie shingo."

Aliichukua. Akaiinua kwenye jua, akaiinamisha, akaigeuza polepole huku na huku, kama ulivyonifundisha wewe miaka mingi baadaye kufanya na tochi.

"Amegeuka," akasema.

Mwanawe Gidashang akasogea. Kisha mwingine. Punde vijana wote wa kuchunga walikuwa wamemzunguka bibi, vichwa vimegongana juu ya kitu kidogo kuliko kidole gumba, na mimi nimebaki katikati na karne zangu. Mmoja akasema mgongo wa fisi huteremka nyuma, huyu umenyooka. Mwingine akasema mkia ni mrefu mno. Gidashang akasema, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, kwamba fisi ana chuchu mbili na huyu ana safu nzima.

"Wewe ulimkamua lini?" akauliza kijana wa nyuma.

Halafu Mama Gidashang akaanza kucheka, bangili zikagongana, na kicheko kikapita kwa vijana, kikafika kwa wazee, kikamkuta mwenyekiti akijifanya anakohoa. Gidashang aliitwa Mkamuaji hadi tulipohama.

Bibi alipomaliza kucheka alisema neno ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. "Huyu amegeuza shingo kuwaangalia, kama ng'ombe anavyogeuka kumlamba ndama. Anayetaka kula mtoto hageuki hivyo." Akakurudishia sarafu wewe, si mimi. Kisha akamwambia mwenyekiti kwamba pesa hii ikae na mtoto huyu kwa sababu yeye ndiye anayejua kuieleza, na siku mtoto atakapoondoka kwao ampitishie aishike tena.

Asubuhi kibuyu kilikuwa mlangoni, kimefunikwa kwa jani.

Unachokumbuka wewe, najua, ni kwamba tulipokuwa njiani kurudi nyumbani nilikugombeza kwa kutoa sarafu bila ruhusa. Kweli nilikugombeza. Hofu ilikuwa haijanitoka, na mtu mwenye hofu hutafuta la kusema. Ulichokuwa umefanya kilikuwa kikubwa kuliko soksi. Mimi nilikuwa nimeisoma sarafu ile miaka kumi, herufi kwa herufi, na sikuwahi kuiangalia shingo ya mnyama. Wewe uliiangalia kwa sababu hukujua kusoma Kilatini.

Habari ile sikuiandika. Mhariri alinipigia, alikuwa amesikia upepo. Nilimwambia hakuna habari. Mjini wangeichapa wakacheka, na wale waliokaa kikaoni si wa kuchekwa. Walikuwa na woga wenye sababu zake, wakauweka chini, wakaangalia kitu kwa makini, wakabadili mawazo mbele ya watu. Niambie ni mikutano mingapi niliyohudhuria kwenye kumbi zenye viyoyozi ambako jambo hilo limetokea.

Baada ya hapo unakumbuka ilivyokuwa. Jumapili watu walikuja kuangalia sarafu kama wanaokuja kuangalia mtoto mchanga. Vijana walimpenda zaidi kaizari wa sarafu yangu nyingine, yule mwenye taji la miale, wakasema amevaa boma kichwani. Na wakaanza kuleta za kwao. Senti za Mwingereza zenye tundu ambazo bibi zao walizitunga shingoni, heller, senti ya Mjerumani, iliyokutwa kwenye shimo la panya, nyeusi kama mbegu. Baba yako alilalamika kwamba nyumba imegeuka benki ya maiti. Lakini nilimwona siku moja akimweleza mgeni tofauti ya senti mbili kwa ujuzi wote, na aliponiona akabadilisha mazungumzo kwenda kwenye ndigana, ule ugonjwa wa ng'ombe.

Sijawahi kupata furaha ya aina hiyo kazini. Nataka ulijue hilo, kwa sababu shangazi zako wa Dar watakuuliza akiolojia ni kazi gani, na utatafuta jibu la heshima. Jibu la heshima lipo, litafute. Lakini jibu la kweli ni ile hali ya vichwa kumi kugongana juu ya kitu kidogo na kila mmoja kusema, subiri, hebu niangalie tena.

Ninayo mengine machache, kisha niweke kalamu, maana nasikia mbwa wa jirani wanabweka upande wa barabara ya Endagikot.

Ile denari, sarafu ya fedha ya Kirumi, niliyoinunua Arusha. Nilikuwa nimepata tuzo ya habari za maji, nikajiona mtu. Muuzaji aliniita profesa. Ilikuwa nzuri kuliko zote, na uzuri wenyewe ulipaswa kunishtua. Ulikuwa kidato cha pili ulipopitisha ukucha kwenye ukingo wake ukasema, "Mama, hii imemiminwa." Mstari wa kalibu ulikuwepo ukizunguka pande zote, mwembamba kama mshono, na sarafu ya kweli hugongwa, haimiminwi. Nilikununia siku mbili. Sikununa kwa sababu ulikosea. Nilinuna kwa sababu muuzaji yule alinisifu mimi kwanza, sarafu baadaye, na mimi nimewaona wanasiasa wakifanya mchezo huo huo maisha yangu yote na nikawaandika. Akikusifu mtu kabla hajakuonyesha kitu, pitisha ukucha kwenye ukingo.

Utakutana huko na watu wanaojua sana. Mimi pia nilifika Balangdalalu nikijua sana. Kujua hakukunisaidia, na nisingependa uelewe kwamba kujua ni kubaya. Bila padre na vitabu tusingejua leo SMAL ni nini. Lakini siku utakapoona kwamba kila unachosema ni sahihi na nyuso zinazidi kufunga, nyamaza, umpe mtu kitu akishike mwenyewe. Hili nimelijua nikiwa nimeshachelewa kwenye mahojiano mengi, na kwenye ndoa yangu mara kadhaa. Baba yako akiisoma barua hii atakubali haraka mno.

Na sasa kesho.

Hamtapita njia fupi. Nimepatana na dereva wa Noah mzunguke hadi Balangdalalu, kwanza kwa Mama Gidashang, ndipo mwende Katesh ukapande basi. Gidashang amenipigia. Amesema mama yake ameanza kuuliza tangu mavuno kama yule mtoto wa shingo ameshakua. Macho yake yana ukungu sasa, anaona mwanga na kivuli tu. Anataka kuishika.

Mimi sitakuja. Usifikiri nakwepa kuaga. Nitakuaga mlangoni kama watu wengine. Sitakuja kwa sababu nikija nitajibu mimi. Najijua.

Kanuni uliyonifundisha ni kwamba sarafu hushikwa kwa ukingo, jasho la vidole lisiguse sura. Kesho iache kanuni hiyo garini. Muache aipapase kwa kidole gumba apendavyo, atafute chuchu, atafute shingo. Ngozi ya sarafu hiyo imevumilia mengi, haitaharibiwa na kidole cha bibi mmoja.

Halafu mpelekee masahihisho yangu. Gazeti likikosea huchapa masahihisho, na mimi nilikosea mbele ya kikao kizima nikasema mnyama huyu ni wa Ulaya. Mwambie mwandishi amesema alikosea. Kisa ni cha Roma, lakini pesa yenyewe ilitengenezwa Afrika, huku kwetu, mbali kaskazini ambako mto mkubwa unaingia baharini. Mwambie kwa maneno yako. Kama kuna wazee wengine waliobaki wa kikao kile, waambie na wao. Ningetoa mengi kusikia Mkamuaji atasema nini.

Kisha upande basi na sarafu hiyo. Ni yako, bibi alishaamua siku nyingi, mimi nilikuwa naitunza tu. Iko ndani ya kiberiti, imefungwa kwa pamba, na Kipara nimemweka pembeni yake akuchunge. Ile ya Arusha inabaki na mimi. Bado naihitaji.

Kuna jambo moja la mwisho la kiufundi. Baada ya L pana herufi nyingine. Hiyo ndiyo inayotaja karakana ndani ya kiwanda: ikiwa A ni ya kwanza, ikiwa B ni ya pili. Kutaja mji hakutoshi. Herufi hii inataja chumba, karibu inataja meza aliyokaa yule fundi. Naona mguu wake mmoja tu ukitokeza kwenye udongo, umesimama wima kidogo, unaweza kuwa wa yoyote kati ya hizo mbili. Mwiba ulikuwa mkononi mwangu. Mwanga ulikuwa mzuri. Baba yako alikuwa ameinama begani kwangu akisema, malizia basi, malizia.

Nimeuweka mwiba ndani ya kiberiti. Herufi ya tano sijaigusa.

Mama yako